Nguo Isiyoongeza Nguvu

Mvua ya mchana ilipokwisha kupiga mabati, Josaphat alitoa ndoo aliyokuwa amekinga chini ya tundu la paa, akaunganisha nyaya kwenye betri, akafungua mlango wa salle yake, ukumbi wa michezo ya televisheni, hapo Butembo, kwenye barabara inayoteremka kutoka sokoni. Wateja walikuwa wamekwisha kujibana chini ya upenu. Walikuwa waendesha pikipiki ambao mvua iliwanyang'anya abiria, na Djuma, dereva wa Fuso wa kutoka Beni, ambaye kila alipongoja gari lake lipakiwe alikuja kuua watu wa kwenye televisheni. Josaphat aliwakagua viatu. Wenye tope walivua nje.

Ukutani, juu ya televisheni kubwa, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: NGUO HAIPIGANI. Maneno hayo yalikuwa na sababu. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mpiganaji mwenye upanga anayevuka msitu uliojaa adui. Kwa ajili ya joho lake refu, vijana walimwita Monseigneur, kama askofu. Kampuni iliyoutengeneza, huko mbali iliko, iliuza pia mavazi ya kumbadilishia: kofia ya dhahabu, ngozi ya chui, viatu vya kumetameta. Josaphat alikuwa amefanya uchunguzi wake. Aliyevaa kofia ya dhahabu alikufa kwa pigo lile lile lililomuua mwenye kichwa wazi. Naye alikuwa mtu wa Butembo, na mtu wa Butembo haachii pesa bila kuiuliza kwanza inakwenda wapi na itarudi na nani.

Jumanne hiyo Djuma ndiye aliyeshika manette, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Monseigneur alikuwa amefika katikati ya msitu na adui wamemzingira. Mtu mmoja akatokea kwenye miti ya kushoto, amevaa buti za plastiki na shati la mistari lililopasuka begani, bidon ya njano, dumu la shambani, mkononi, panga kwapani. Alipita katikati ya vita kwa mwendo wa mtu aliyechelewa shambani, akaingia kwenye miti ya kulia. Adui walimpisha. Djuma alisimamisha mchezo.

"Ule ni Muyisa," alisema. "Muyisa wa Eringeti. Kakao yake nilipakia sana mu hii Fuso yangu."

Josaphat alisogea karibu, akataka wairudie sehemu ile. Muyisa alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Kavuo, na alikuwa amekufa tangu mwaka juzi.

"Ni yeye," alisema Josaphat. Akazunguka nyuma ya nyumba, alikokuwa Kavuo akisonga bugali, akamwambia mume wake yuko mbele.

Kavuo alikuja na unga mikononi. Vijana walimpisha kwenye benchi. Kila mara Monseigneur alipofika sehemu ile ya msitu, Muyisa alipita, kushoto kwenda kulia, na bidon yake. Hakugeuka alipoitwa, kwa maana mchezo ule haukuwa na kitufe cha salamu. Kavuo alimtazama mpaka unga ukamkaukia vidoleni.

"Amekonda," alisema. Kisha akasema, "Shati ni ile ile. Hawakumuvalisha kitu ingine."

Ilikuwa kweli, na wote pale walijua ni kwa nini. Muyisa aliondoka asubuhi kwenda kuvuna kakao, na wale wanaoua watu mashambani wakamkuta huko, yeye na majirani zake. Miili ililetwa kwa lori na kuzikwa siku ile ile katika shimo moja, chini ya bâche, turubai la lori, na nguo zile zile za shamba, kwa sababu waliosindikiza lori walitaka kurudi jua likiwa bado juu. Kavuo aliambiwa mambo yalipokwisha. Redio ilisema uchunguzi unaendelea. Uchunguzi huo haukuwahi kuvunja ahadi, kwani unaendelea hata leo.

Sasa, katika ukoo wa Muyisa, mtu asiyevalishwa hajazikwa. Ametupwa tu, na matanga yake hayaondolewi. Mjane wake havui nguo nyeusi, hali na wenzake sahani moja, wala hasimami sokoni kuuza kitu. Kavuo alikuwa na meza ya mafuta ya mawese kule Beni, ambayo rafiki yake Eliane alikuwa akimshikia, na meza ya sokoni haishikwi milele. Tangu akimbilie kwa kaka yake, alikuwa amefagia ua mpaka mawe yakatokeza. Huyu ndiye aliyekuwa akiita wateja hadi ng'ambo ya barabara wakageuka. Siku hizi aliomba chumvi kwa sauti ya mtu aliye mbele ya tabernakulo. Josaphat alimpenda dada yake, na sauti hiyo ilimchoma kila jioni.

Wateja walipoondoka, Kavuo aliuliza habari za mchezo, "Josaphat, mu ile jeu muko nguo?"

Josaphat alitazama maandishi yake ya ukutani. "Muko, yaya," alimjibu dada yake. "Za kuuza."

"Suti iko?"

Suti ilikuwapo. Ilikuwa katika mavazi mapya ya msimu, kati ya ngozi ya dubu na vazi la mfalme: suti ya kijivu yenye kizibao, imepigwa pasi. Kavuo aliigusa kwenye kioo. Siku ya harusi yao Muyisa alivaa suti ya kijivu, ya kukodi kwa mpiga picha mmoja wa Beni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini siku ile ilimsitiri vizuri mpaka ulipofika muda wa kuirudisha. Muyisa akaapa kwamba mavuno mazuri yakija atanunua yake. Mavuno yalikuja, wakanunua mabati.

Bei ya suti ya mchezo ilikuwa ya mbuzi mwenye afya. Jambo la mbuzi si la mtu mmoja, tena marehemu alikuwa na wenyewe. Kwa hiyo walimpigia simu mzee Vagheni wa Kalunguta, baba mdogo wa Muyisa, msemaji wa ukoo, mtu ambaye hata sakramenti aliipokea akiikagua. Alifika kesho yake kwa pikipiki, koti limejaa matone ya tope. Aliketi kwenye benchi la wachezaji, akamtazama mwanawe akipita, akavua kofia, akaivaa tena.

"Bon," alisema. "Munielezee hii nguo. Munasema ni ya nani?"

"Ya ule mwenye upanga," alisema Josaphat. "Unanunua, anavaa."

"Inamukinga na panga?"

"Hapana, muzee."

"Inamuongezea mbio?"

"Hapana."

"Akivaa, adui banaogopa?"

Djuma, ambaye alikuwa ameomba ruhusa ya kuhudhuria kwa vile yeye ndiye aliyemwona marehemu kwanza, alishindwa kujizuia. "Muzee, mi nacheza hii jeu kila wiki. Ile suti haina kazi hata moja. Ni mapambo tu. Banakula pesa ya batoto bure. Vraiment, Josaphat mwenyewe aliandika kwa ukuta, angalia."

Mzee Vagheni aliyasoma maandishi polepole, kama mtu anayekagua hati ya shamba. Kavuo alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake nyeusi, na Josaphat aliona vidole vyake vimeshika ncha ya kitenge kwa nguvu. Hapo ndipo alipojua kwamba mzee akikataa, dada yake atakufa akifagia ua ule.

"Baba yetu alipokufa," alisema mzee Vagheni, "tuliuza mbuzi, tukamununulia koti ya sufu. Mpya. Tulimuvalisha saa nne, saa sita tukaizika naye. Mvua ilinyesha juu yake. Hakuna mutu aliuliza ile koti inamuongezea nguvu gani." Akapangusa goti. "Nunua."

Wakanunua. Suti ilichukua muda mrefu kushuka kutoka huko iliko, kwa sababu mtandao wa Butembo siku za mvua hutembea kwa mkongojo. Iliposhuka, Djuma, mchezaji hodari kuliko wote, alimvalisha Monseigneur, akampeleka msituni mbio ili amfikishie Muyisa nguo yake. Aliwakata adui kushoto na kulia kama kawaida yake, akafika pale pa kupitia Muyisa. Muyisa akapita na shati lake lililopasuka, bidon mkononi. Hakikubadilika kitu. Watengenezaji wa mchezo walijivunia kwamba damu hubaki kwenye nguo, na kweli suti ya kijivu ilikuwa imekuwa nyekundu mpaka kwenye kola.

Kavuo alitoka nje. Walimsikia akifagia.

Mzee Vagheni alikasirika kuliko alivyokasirika kwa jambo lolote tangu bei ya kahawa ianguke. "Mulifikiri namna gani? Nguo ya maiti haipimwe na kila mupita njia! Huyu dereva ni mutu muzuri, mais ni nani kwa Muyisa? Na damu hivi! Mutamupelekea mutoto wetu nguo ya damu?"

Ikabidi awakumbushe. Katika ukoo wao nguo ya marehemu hupimwa na shemeji, ndugu wa mke, au na wifi ikiwa marehemu ni mwanamke. Yeye ndiye huivaa kwanza, akatembea nayo mbele za watu, isiguswe na tope wala doa, ili marehemu ajue kwamba imetoka kwa watu wake na kwamba mikono iliyoileta ni safi. Kisha huivua na kukabidhi. Bila hivyo marehemu huipita kama anavyopita nguo iliyoanikwa uani kwa jirani.

Wote wakamgeukia Josaphat. Alikuwa na salle ya michezo kwa miaka, na alicheza vibaya. Mwenye duka la pombe si lazima awe mlevi. Aliifuta manette kwa shati, akapiga moyo konde, akaketi. Kavuo aliitwa, akaja, akasimama nyuma yake.

Monseigneur aliingia msituni amevaa suti safi. Mchezo haukuwa umetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kupigana. Josaphat alimpitisha nyuma ya miti, akamlaza chini, kisha akakumbuka kuhusu magoti ya suruali, akamwinua, na mshale ukampata. Walianza upya. Suti ilirudi safi na mikunjo yake ya pasi, jambo ambalo wafuaji wa Butembo hawajaliweza. Safari ya pili alimkimbiza, akakutana na mtu wa shoka. Kisha akajaribu kumpitisha mtoni, mzee Vagheni akapiga kelele kwamba maji ya mto yana tope. Habari zikafika sokoni, na watu wakaja kutazama mtu anayevuka vita bila kuchafua nguo. Wauza nyanya waliegemea dirishani. Katekista Lévi, aliyekuwa anapita kwenda kufundisha, aliamua kwamba mafundisho yangeweza kuanza baadaye kidogo.

Kila Monseigneur alipokufa, Kavuo alisema, "Rudia," na Josaphat alirudia. Jasho lilimtoka. Hakuwahi katika maisha yake kutaka kitu kama alivyotaka mtu huyu wa kuchorwa afike salama.

Mwishowe alimfikisha katikati ya msitu, pale adui wanapomzingira mtu na hakuna pa kupita. Walikuja kutoka pande zote. Djuma alisema kwa sauti ndogo, "Pale, masta, lazima upige." Josaphat hakupiga. Kulikuwa na kitufe cha kuangusha silaha ambacho hakuna mtu aliyewahi kukigusa, kwa sababu nani anaangusha silaha. Alikibonyeza. Upanga ukaanguka kwenye majani, Monseigneur akabaki mikono mitupu na suti yake ya kijivu. Adui walisimama. Walimtazama huyu mtu aliyevaa kama anakwenda harusini, wakashusha mashoka, wakafungua njia.

Josaphat alifikiri kwamba watu hawa wa rangi na umeme walijua kumpisha mtu asiye na vita. Kule Eringeti hakuna aliyempisha Muyisa. Wazo hilo lilimuuma, hata macho yakamwasha, lakini hakuachia manette.

Muyisa akatokea kushoto. Monseigneur akasimama mbele yake. Safari hii Muyisa naye akasimama.

Hapakuwa na kitufe kingine cha kubonyeza. Josaphat aliweka manette chini, kwenye saruji, na Monseigneur akaendelea mwenyewe. Alivua koti, akalikunja. Akavua kizibao, akavua suruali. Kampuni haikuwa imechora chochote chini ya suti, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa umbo la mtu lililojaa miti ya nyuma yake. Muyisa alitua bidon na panga. Alivua buti moja baada ya nyingine, akavua lile shati, akavaa. Alivaa polepole, kama alivyofanya mambo yote alipokuwa hai, mpaka mzee Vagheni akaguna kwamba huyu mtoto hajabadilika. Suti ilimkaa. Ilimkaa kuliko ile ya kukodi.

"Kifungo ya juu," alisema Kavuo.

Muyisa alishika kifua, akakuta amekosea tundu, akafungua, akafunga vizuri. Akainua uso kuelekea walikokuwa, akatazama muda wa kutosha kuona kila mmoja. Kisha akaokota bidon yake, maana bidon ni mali, akaingia kwenye miti ya kulia.

"Wasingya," Kavuo alishukuru kwa lugha ya kwao. "Wasingya kutsibu." Alisema kwa sauti yake ya zamani ya sokoni. Wauza nyanya wa dirishani waliruka, na Josaphat alilia mbele za wateja wake bila aibu.

Matanga yaliondolewa Jumamosi iliyofuata. Katekista Lévi aliongoza sala, akamtaja marehemu kuwa amezikwa kwa heshima, na hakuna aliyemuuliza wapi. Mbuzi mwingine alichinjwa, huyu wa kuliwa. Mzee Vagheni alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, akacheza hatua chache, akalaumu viungo. Kavuo alioga, akavaa kitenge cha kijani na manjano, akala sahani moja na wanawake wenzake, akaitia chumvi bila kuomba. Eliane aliambiwa kwa simu aifute meza.

Muyisa hakupita tena kwenye mchezo. Adui walirudi kupigana kama zamani. Monseigneur alirudia joho lake, na suti ya kijivu haikuonekana tena kati ya mavazi, ingawa hakuna aliyeirudisha.

Siku ya safari, Fuso ya Djuma ilisimama mbele ya salle, imejaa sabuni na chumvi za Beni. Kavuo alikuwa na mfuko na sufuria mbili. Ilibidi waungane na magari mengine, kwa maana barabara ile watu hawaipendi peke yao, na Djuma alikwisha kupiga honi. Kavuo aliingia ndani kumuaga kaka yake.

Vijana walikuwa wamesimamisha mchezo na kuvua kofia. Katikati ya msitu, kati ya miti ya kushoto na ya kulia, alikuwa amesimama mwanamke mwenye kitunga mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Kitenge chake kilikuwa kimechanika upande. Mguu mmoja haukuwa na ndala. Jana hakuwapo. Redio ilikuwa bado haijasema kitu kuhusu upande wa Oicha, lakini ingesema saa saba, na ingeongeza kwamba uchunguzi umeanza.

"Munamujua?" aliuliza Kavuo.

Hakuna aliyemjua.

"Kuko robe mu ile nguo za kuuza?"

Josaphat alitafuta. Nguo za kike zilikuwa chache, kwa maana waliotengeneza mchezo hawakutarajia wanawake wengi msituni. Ilikuwapo moja ndefu, ya bluu, yenye mikono. Hakuitazama bei, na baadaye alijishangaa kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote.

"Iko," alisema. "Mais yaya, nani atapima? Huyu hatujui hata wifi yake ni nani."

Honi ililia tena nje. Djuma aliingiza kichwa mlangoni. "Mama Kavuo, convoi iko naenda!"

"Waende. Tutapanda ya kesho." Kavuo alitua mfuko, akatua sufuria, akavua viatu vyake kwa kuwa vilikuwa na tope la barabarani. Aliketi kwenye benchi, akajinyoosha kitenge magotini, akanyoosha mikono ili apewe manette.

"Sasa unionyeshe ya kutembeya," alimwambia kaka yake. "Ile ya kupiga, hapana."